Samaki Walipandishwa Polepole

Siku ya kuniaga walinipa kipaza sauti wakaniambia, "Mama Gaude, maneno mawili tu, chakula kinapoa." Nikasema asanteni, nikakaa. Wali ulikuwa mzuri, mbuzi alikuwa mgumu. Lakini maneno yangu siyo mawili, na tangu nirudi hapa Milanzi, Sumbawanga, yananifuata hata nikiwa napalilia. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliobaki kwenye banda la kompresa kule ziwani Kasanga, mnaojaza mitungi ya wazamiaji wetu wanaokamata samaki wa mapambo. Vyeo vyangu sitavitaja, vilikuwa vichache na vilichelewa. Nataka kuwaeleza habari za hewa, na habari za miguu ya Ramadhani. Mkiona nafoka, ndiyo, nafoka.

Nilishuka ziwani mara ya kwanza nikitokea kwetu karibu na Matai, nimekaa juu ya magunia ya mahindi nyuma ya lori, nimevaa sweta. Huku juu kwetu asubuhi ni baridi, nani angejua kwamba ukiteremka mlima ule unaingia kwenye jiko? Watu wa Kasanga walicheka sweta langu wiki nzima. Ofisini kwa kampuni wakanielekeza kwa Mzee Sefu, fundi wa kompresa, mtu wa palepale ziwani. Zamani alikuwa mzamiaji mwenyewe. Bega lake la kulia lilikuwa bovu, mkono haukupanda kupita sikio, akitaka kutundika kitu alitumia wa kushoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ni wa huko juu kwenye ulezi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kuogelea unajua?"

"Sijui."

"Afadhali," akasema. "Wanaojua kuogelea wanadhani kinachoua ni maji."

Mpaka nimestaafu sijajua kuogelea. Nimewapelekea watu hewa chini ya ziwa ujana wangu wote na utu uzima wangu wote, na mimi mwenyewe maji yakifika magotini napiga yowe. Mcheke tu, nimezoea.

Siku hiyo ya kwanza sikuguswa hata na harufu ya mashine. Mzee Sefu alinitoa nje, akanipa kipande cha khanga kuukuu, akaniambia nikinyanyue juu nione upepo unatoka wapi. Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Kompresa inavuta hewa kwa bomba, na injini yake inatema moshi kwa bomba jingine. Upepo ukigeuka, moshi unaingia kwenye bomba la kuvutia, unabanwa ndani ya mtungi, na mtu anakwenda kuuvuta akiwa chini huko ambako hawezi kukohoa akatoka nje. Hausikii. Kichwa kinamuuma kidogo, usingizi unamjia, basi, tunamtafuta kwa nyavu. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, khanga. Katikati ya kujaza, khanga tena.

Nyuma ya banda letu kulikuwa na akina mama wanakausha samaki, migebuka, kwa moto wa kuni. Upepo ukigeuka upande wao nilikuwa nazima mashine na kwenda kugombana. Wakaniita Mama Moshi. Mmoja aliniambia, "Sisi tuko hapa tangu kabla hujazaliwa, hamisha hewa yako." Alikuwa na haki, ni sisi tuliowafuata. Tukaongeza bomba, tukalipeleka juu ya mwamba upande wa ziwa, tukabaki marafiki na migebuka nikawa napewa.

Mengine mnayajua au mnapaswa kuyajua. Maji yanayokusanyika kwenye kichujio mwage kabla hayajakufuata. Mkaa wa kuchuja ubadilishe siku yake ikifika, usingoje harufu. Kila mtungi ukishajaa, fungua kidogo, nusa, vuta. Ukinusa chochote, mpira, oili, samaki, mwaga uanze upya, hata kama boti inapiga honi. Na kumbuka kwamba moshi mbaya kuliko wote hauna harufu, kwa hiyo pua ni shahidi wa pili tu.

Halafu kuna jambo linalonichefua hadi leo. Acheni kuiita "mitungi ya oksijeni"! Waandishi wakija wanaandika hivyo, wakubwa wakija wanasema hivyo, na ninyi mnaitikia. Mtungi wa mzamiaji ni hewa hii hii inayovutwa sokoni Majengo, imebanwa tu. Oksijeni tupu mtu akizama nayo kwenye kina tunachofanyia kazi sisi, inamtia degedege na anakufa. Oksijeni tupu tulikuwa nayo, ndiyo, mtungi mmoja, umekaa peke yake pembeni, hauguswi na mkono wenye grisi kwa sababu grisi na oksijeni havikai nyumba moja, vikikutana vinalipuka. Ulikuwa wa samaki. Samaki anasafirishwa kwenye mfuko wa nailoni, maji kidogo chini, oksijeni juu, mfuko unafungwa kwa mpira. Kwenye kampuni ile oksijeni ilikuwa ya samaki. Shikeni hilo, maana ndipo hasira yangu ilipo.

Naitrojeni nilifundishwa kwa pombe. Mzee Sefu hakunywa, Mwislamu yule, lakini alijua ninakotoka. Akasema, "Binti, dumu la pombe ya ulezi likikazwa kifuniko, povu liko wapi?"

"Ndani ya pombe, limetulia."

"Ukikifungua ghafla?"

"Linakurukia usoni."

"Basi hewa ina kitu kinaitwa naitrojeni. Mtu akizama, maji yanamkaza kama kifuniko, naitrojeni inajificha ndani ya nyama na damu. Akipanda polepole, akingoja kwenye kamba, inatoka taratibu kwa pumzi. Akipanda kwa pupa, povu linachemka ndani yake. Kwenye maungio, kwenye uti wa mgongo."

"Na akishatoka majini amepona?"

"Nusu. Bado kuna mlima."

Hapo ndipo nilipoijua ile kanuni yetu ambayo fundi wa pwani hana haja nayo. Wenzetu wa baharini wakitoka majini wanakwenda nyumbani palepale usawa wa bahari. Sisi nyumbani kwa wengi ni huku juu Ufipa. Mtu anazama asubuhi, mchana anadandia gari kwenda Matai au Sumbawanga, na kila kona anayopanda hewa inazidi kuwa nyepesi, kifuniko kinazidi kulegea. Ni kama anaendelea kupanda kutoka majini, tena kwa gari. Mzee Sefu aliwahi kutoka kuzama akapanda lori kuwahi msiba wa shemeji yake Matai. Aliufikia msiba, bega likabaki huko. Kwa hiyo kwenye banda letu sheria ilikuwa moja: leo umezama, leo unalala Kasanga. Uwe na harusi, uwe na msiba, uwe na mtoto anabatizwa. Ukibisha, hupewi mtungi tena.

Samaki nao walikuwa hivyo hivyo. Samaki wa kina kirefu ana kibofu cha hewa tumboni, ukimtoa chini moja kwa moja anavimba, macho yanamtoka, anaelea kichwachini. Kwa hiyo wazamiaji waliwaweka kwenye tenga chini kulekule, wakawa wanalipandisha mita chache, wanaliacha lilale, kesho wanalipandisha tena. Samaki mmoja mwekundu wa kutosha kiganja alikuwa anakaa njiani siku kadhaa kabla hajaona jua.

Ramadhani ndiye aliyekuwa bingwa wa matenga. Mtoto wa Kasanga, mwembamba, mdomo hautulii. Alikuwa akiniita dada Gaude na kunitania sweta ingawa hakuliona, alisimuliwa tu. Siku moja ananiambia, "Dada, hawa samaki wanapandishwa kama bibi harusi. Mimi natoka maji yakiwa bado masikioni naambiwa nikapakie boti." Tulicheka. Siku hizo ulikuwa utani.

Kisha Mzee Sefu akastaafu, akaja meneja mpya, na lami ikaja. Jamani, lami ni kitu kizuri, sisemi vibaya. Barabara ya zamani mvua ikinyesha mlikuwa mnalala njiani, na kulala njiani kuliokoa watu bila wao kujua. Lami ilipofika, kutoka ziwani mpaka juu ikawa ni safari ya kuimaliza kabla muhindi wa kuchoma haujapoa. Meneja akafurahi. Akatangaza kwamba kuanzia sasa samaki watapanda Sumbawanga siku ileile wanayotolewa kwenye tenga la mwisho, na mzamiaji aliyewakamata atawasindikiza, kwa sababu yeye ndiye anayewajua. Kazi yake garini ni kulegeza mifuko. Maana mifuko ile gari likipanda mlima inavimba, inakuwa ngumu kama mpira wa miguu, isipolegezwa inapasuka.

Nikaenda ofisini. Nilikwenda na heshima zangu zote, nilizikuta zimeisha mlangoni.

"Meneja, mzamiaji akitoka majini hapandi mlima siku hiyo."

"Mama Gaude, huko juu ni mashamba tu, siyo angani."

"Mifuko inavimba?"

"Inavimba, ndiyo maana namtuma mtu ailegeze."

"Na yeye nani atamlegeza?"

Akacheka. "Watu hawavimbi, mama."

Wala msije mkasema hakujua. Nakataa! Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imeleta mwalimu wa kuzamia, mtu aliyesoma na mwenye adabu, akakaa nasi akatufundisha. Alisema maneno yaleyale ya Mzee Sefu kuhusu mlima, meneja akiwa kiti cha mbele anaitikia kwa kichwa. Akatufundisha pia kuchanganya hewa: unaiongezea oksijeni kwa kipimo, naitrojeni inapungua, mtu anatoka majini akiwa na mzigo mwepesi zaidi mwilini. Ina kina chake cha mwisho, haivukwi, na mitungi yake inasafishwa na kupimwa peke yake. Nilifurahi kama mtoto siku ya Krismasi. Mwalimu alipoondoka nikaomba mtungi wa pili wa oksijeni ili tuanze. Jibu lilikuwa kwamba oksijeni tuliyonayo inatosha mahitaji. Mahitaji ya nani? Ya samaki!

Siku yenyewe Ramadhani alizama mara mbili asubuhi, kina kirefu, halafu akaja bandani kurudisha mitungi. Mimi nilikuwa napanda Sumbawanga na gari lilelile la samaki kupeleka valvu kwa mchonga vyuma. Nikamwambia, "Rama, usipande. Sema tumbo linakuuma."

"Dada, Jumatatu waliokataa wameambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Mke wangu Zaituni ana mimba. Nikae nyumbani nile nini, utani?"

Tukapanda nyuma ya pikapu, mimi, yeye, masanduku ya mifuko, na ule mtungi wa oksijeni. Mlima ulipoanza alianza kulegeza mifuko, mmoja baada ya mwingine, huku ananipigia hadithi za mamba. Tulipofika katikati ya mlima akawa anajikuna mikono. Kisha akashika bega. Kisha akanyamaza, na Ramadhani akinyamaza ujue kuna jambo. Tulipoingia Matai akasema taratibu kabisa, "Dada Gaude, miguu siisikii."

Nikaligonga paa la gari nusura nilitoboe. Tukamshusha mimi na dereva, tumembeba kama gunia, kwenye kituo cha afya. Tabibu wa zamu alikuwa dada mdogo, na Mungu ambariki popote alipo, hakuuliza maswali ya kijinga. Alisikiliza neno "kuzama" na neno "leo", akampigia simu daktari mmoja wa Sumbawanga. Nilimsikia daktari akipaza sauti ndani ya simu: "Msimlete huku juu! Mlazeni chali, mpeni oksijeni muda wote, maji anywe, mkiweza mteremsheni." Basi tatizo likawa oksijeni. Mtungi wa kituo ulikuwa kwa kichanga aliyezaliwa asubuhi hiyo, na hakuna aliyethubutu hata kuutazama.

Nikasema, "Ninao kwenye gari."

"Ni safi, mama?"

"Nimeutunza mimi."

Dereva alikuwa ameshampigia meneja, kazi yake, simlaumu. Akanipa simu. Meneja ananiambia, "Mama Gaude, ule ni wa kuongezea mifuko Sumbawanga. Samaki wana safari ndefu. Mpelekeni hospitali kubwa, wana oksijeni yao." Nikamwambia daktari amekataza asipandishwe. Akasema, "Hiyo ni ya samaki." Alisema hivyo, nayarudia kama yalivyotoka. Mimi Mfipa nimelelewa na masista, matusi siyajui mengi. Niliyoyajua niliyamaliza yote, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kifipa, tabibu akanipokonya simu ili nimsaidie kufunga mpira wa barakoa.

Ramadhani alivuta ile oksijeni pale kituoni, kisha tukateremka naye Kasanga, amelala chali juu ya godoro la tabibu, anavuta mpaka geji ikalala kwenye sifuri. Nilimshikilia barakoa njia nzima. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilianza kucheza tulipokaribia ziwa, nikalia kwa sauti. Mguu wa kushoto haujarudi sawasawa mpaka leo. Anatembea na fimbo, anatengeneza nyavu, na majini hajaingia tena zaidi ya kunawa. Mtoto alizaliwa, wa kike.

Samaki tuliwashusha kupisha godoro, wakafa wote ndani ya mifuko, pale pale Matai kwenye kivuli.

Kikaitishwa kikao. Mnajua kilichosemwa? Kwamba wenzake walimwonea wivu, kwamba kuna mkono wa mtu. Wazamiaji wawili walikuwa wameanza kutazamana vibaya. Na meneja, msomi, aliyekaa kiti cha mbele akiitikia kwa kichwa, akatabasamu akasema, "Haya mambo yenu ya Sumbawanga mimi siyawezi." Loo! Nilisimama. Nchi nzima ikisikia Sumbawanga inawaza uchawi, tumezoea, tunacheka nao. Lakini wewe umpandishe mtu mlima na povu kwenye uti wa mgongo, halafu utusingizie mababu zetu? Nikasema, "Mchawi yupo, na amekaa mezani." Nikapewa onyo. Nililipokea kwa mikono miwili.

Hata hivyo sheria ilibadilika wiki ileile. Mzamiaji haruhusiwi kupanda gari la samaki. Watu walinipongeza, wakadhani nimeshinda. Mimi nilikuwepo meneja alipoitoa, na sababu aliyoitaja ni hii: "Wanaugua njiani, wanamaliza oksijeni." Hakutaja mguu. Kati ya sheria iliyonisaidia na sababu iliyonikasirisha, nikachagua sheria. Tangu hapo mpaka naondoka kila mzamiaji alilala Kasanga. Nilipomweleza Ramadhani alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka, akarudi kwenye nyavu zake.

Sasa sikilizeni kwa nini naandika leo. Juzi nilikwenda sokoni Majengo, hapahapa Sumbawanga, kununua dawa ya mahindi. Nikaiona pikapu ya kampuni imeegeshwa mbele ya duka la vipuri, dereva ni yuleyule wa zamani, na nyuma kuna mitungi ya oksijeni miwili. Miwili! Nikaelewa yote kabla sijavuka barabara. Ikiwa oksijeni imeongezeka, ile sababu ya meneja imekwisha, na sheria imekwenda nayo. Pembeni ya masanduku alikaa kijana simjui, amevaa ndala, na usoni, kuzunguka macho na pua, alama ya miwani ya kuzamia haijafutika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umezama leo?"

"Asubuhi tu, mama. Poa kabisa." Huku anasugua kiwiko.

"Kiwiko kina nini?"

"Nimelalia vibaya."

Kijana yule amepona, nawaambia mapema msije mkasoma roho mkononi. Kwa hiyo msiniandikie barua za pole, na meneja wenu wa sasa asiniletee kuku. Ninachotaka ni kwamba kila mmoja wenu akiambiwa apande siku aliyozama, akatae, na wewe unayejaza mitungi ukatae pamoja naye, siyo baada yake. Mkiulizwa mmejifunzia wapi ukaidi huo, semeni kwa Gaudensia.

Mimi siku hizi sina cheo, sina banda, sina hata sare. Nilifungua mlango wa mbele wa pikapu ile nikaketi na dawa yangu ya mahindi magotini, nikamwambia dereva atupeleke hospitali, kijana akavute oksijeni sasa hivi.

Dereva akanitazama. Anakumbuka Matai, nilimwona anakumbuka. "Mama Gaude, samaki wamechelewa tayari. Tukianza mambo ya hospitali watakufa."

"Wafe," nikamwambia. "Washa gari."